Vijivu vya Kiwanja Kipya

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imeanza leo, na shemeji yangu ameanza nayo. Kabla bati halijalowa vizuri alikuwa ameshafika mlangoni pa kibanda changu cha kushonea, anatabasamu kama mtu aliyeitengeneza mvua kwa mikono yake mwenyewe.

"Fundi, andaa mifuko."

Nikamwambia mvua hii haijalowesha hata kuku. Akasema kuku wangu ni mvivu kama mimi, hatoki nje.

Basi msimu umefunguliwa. Kazi yangu katika jambo hili ni kushona mifuko ya kitambaa chepesi, kwa sababu vijivu ukivitia kwenye plastiki vinatoka jasho na kuoza. Zaidi ya hapo siruhusiwi kugusa kitu. Mimi ni mkwe, na wakwe wa ukoo huu kazi yao ni kula. Sijawahi kulalamika.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Nimeshona mifuko mitano. Mmoja, kwa sababu ya kupiga soga na mteja, nimeushona pande zote nne. Mke wangu ameuita mto.

Jumamosi, 16 Machi

Leo mama mmoja aliyeleta gauni la kupunguza kiuno ameiona mifuko, akauliza kijivu ni kitu gani. Watu wengi mjini hapa hawakijui. Nikamweleza, cherehani ikiwa imesimama, maana mimi siwezi kusema na kushona kwa pamoja (mto ni ushahidi).

Ni uyoga. Mdogo, wa rangi ya jivu juu mpaka chini, una harufu ya kiberiti kilicholowa. Hauoti popote ila huko msituni juu, mahali palipochomwa mkaa, ndani ya lile duara jeusi linalobaki. Baba mkwe alichoma mkaa maisha yake yote, akawaachia watoto wake viwanja kadhaa vya kuchomea mkaa na maagizo. Aliwafundisha waiangalie ardhi. Kikiota ndani ya duara ni kijivu, chukua. Kikiota hatua moja nje, kiache, hata kama vinafanana kama pacha. Na usiking'oe, kata kwa kisu juu ya udongo, kilichobaki chini kizae tena. Tena sufuria ya kwanza ya msimu anakula mkubwa wa familia peke yake, wengine wanangoja mpaka mchana wa kesho yake.

"Na mkubwa ni wewe?" mama akauliza.

Nikamwambia mkubwa ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mimi kwenye foleni nipo baada ya paka.

Jumanne, 19 Machi

Imenyesha kutwa. Injinia, yaani shemeji yangu, amekula kwetu, kama kila siku tangu afiwe na mkewe. Jina hilo nilimpa mimi. Alikuwa dereva wa lori, lakini hakuna kitu kilichoharibika nyumbani kwetu ambacho hajakitengeneza kikaharibika zaidi. Redio yetu siku hizi inaongea ukifungua dirisha tu.

Baada ya kula akajikohoza kama mtu anayetaka kutangaza uchumba.

"Mwaka jana tulipata sufuria ngapi?"

"Moja," akajibu mke wangu, "na nusu yake alikula huyu."

Huyu ni mimi.

"Viwanja vya baba vinakufa, mdogo wangu. Vichaka vimevimeza. Kwa hiyo nimechoma kiwanja kipya."

Kiangazi chote alikuwa akipotea mchana na kurudi ananuka moshi, na mimi nilishaeneza mtaani kwamba amepata mwanamke mwenye jiko la kuni. Kumbe anakata magogo na goti lake bovu.

"Wapi, kaka?"

"Kule juu, chini ya ule mti mkubwa. Goti halikuniruhusu kuburuta magogo mpaka uwazini. Na vimeshaanza kutoa vichwa, nimeviona leo."

"Ukachoma peke yako."

"Mimi nikiondoka, wewe utaokota wapi?"

Mke wangu akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Mimi nikamwambia Injinia kwamba atauchoma msitu siku moja na sisi sote ndani. Akasema nikiungua mimi mafuta yatawaka wiki nzima.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Suruali mbili, kola moja.

Jumapili, 24 Machi

Nimepanda cheo. Goti la Injinia limevimba, mke wangu ana mafua, kwa hiyo mkwe ameruhusiwa kupanda msituni kubeba kikapu. Nilivaa suruali yangu mpya ya kahawia kwa heshima ya siku. Nilianguka mara mbili kabla hatujafika.

Mahali penyewe ni pazuri, nakiri. Mti ni mkubwa kiasi kwamba ukisimama upande huu humwoni aliye upande wa pili. Duara jeusi liko pale pale miguuni pake, na mvua imelifanya uji. Na ndani ya duara, vijivu. Siyo viwili vitatu kama mwaka jana. Vimejaa, vinene, kofia zimepakwa majivu, vimesimama kufuata mizizi kama watoto wa shule mstarini.

Injinia alipiga magoti, goti bovu na zima, akawa anakata kwa kisu taratibu. Nilimwangalia mgongo wake nikaona kwamba amezeeka, na kwamba ana furaha.

Kimoja kilidondoka. Nikakiokota, kidole gumba changu kikabaki cheusi, na pale nilipokishika kofia ikabaki na alama nyeupe. Nikajifuta kwenye suruali bila kufikiri.

"Injinia," nikamwambia, "vijivu vyako vinachuja rangi kama kitambaa cha bei rahisi."

Alicheka mpaka akakaa kwenye matope.

Nyumbani mke wangu aliona paja la suruali. "Mtu mzima unajifuta kwenye nguo kama mtoto! Hiyo nani ataifua?" Kisha akainamisha uso kikapuni, akanusa kwa pua yake yenye mafua. "Vinanuka moshi tu."

"Kiwanja kipya," akasema Injinia. "Ulitaka vinuke marashi?"

Jumatatu, 25 Machi

Sufuria ya kwanza. Injinia alikuja alasiri na shati safi, lile nililomshonea kwa ajili ya mchumba asiyekuwepo. Alikaa kichwani mwa meza, sisi wawili pembeni na mikono mitupu. Mke wangu alishalamba mwiko jikoni kujua chumvi.

Alikula bakuli zima, polepole, kwa makusudi, akifumba macho kila tonge ili mimi nimeze mate.

"Vikoje, kaka?"

"Vimevipita vya baba." Sauti yake haikuwa ya utani. Nadhani mzee angekuwepo angetaka amsikie.

Tumefunika sufuria. Zamu yetu kesho mchana.

Jumanne, 26 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Asubuhi Injinia aliamka mzima. Alipita kibandani, akanigongea cherehani na kusema, "Nimeamka, Fundi. Andaa tumbo." Mchana mke wangu akaanza kupasha moto sufuria. Nilikuwa nimeshanawa mikono. Sitasahau hilo, nilikuwa nimeshanawa, nimeketi, nimekunja mikono ya shati.

Injinia alikuwa anatueleza habari ya lori lake la zamani. Katikati ya sentensi akanyamaza, akashika ukingo wa meza. Akatoka nje haraka, tukamsikia anatapika. Nilifikiri anafanya mzaha. Kweli kabisa, niliita, "Acha uchoyo, hutupunguzii hamu!"

Mke wangu hakucheka. Aliipua sufuria ikiwa na moto wake, akaimwaga yote nyuma ya choo na kuifukia kwa jembe. Aliporudi alikuwa ameshika tumbo.

"Wewe hukula," nikamwambia.

"Nililamba mwiko."

Sijui tulifikaje hapa. Nakumbuka gari la jirani, Injinia amejikunja kiti cha nyuma, na mke wangu amempakata kichwa huku yeye mwenyewe anatapikia kwenye mfuko wangu mmoja, ule mto, kwa sababu ndio uliokuwa karibu na nilikuwa nimeuchana upande mmoja kuutengeneza.

Daktari ni binti mwenye miwani, hana maneno mengi. Aliuliza walikula nini, saa ngapi, kiasi gani. Nikamwambia vijivu. Hakuvijua. Nikamweleza: vinaota kwenye kiwanja cha mkaa tu, havijawahi kumdhuru mtu. Aliandika, akaniangalia kwa huruma ambayo sikuipenda.

Jumatano, 27 Machi

Wote wawili wana dripu. Injinia haachi kuhara, sauti imeisha. Mke wangu ana nafuu kuliko yeye lakini hawezi kunyanyua kikombe. Nimemnywesha maji kwa kijiko. Kilikuwa kinagonga meno yake, nikajidai ni yeye anayetetemeka.

Alhamisi, 28 Machi

Mungu mkubwa! Nimefika asubuhi nikamkuta Injinia amekaa kitandani anamfundisha muuguzi namna ya kurekebisha gurudumu la kitanda. Hatapiki, haharishi, ameomba chai. Mke wangu naye amesimama mwenyewe. Nilicheka kwa sauti nikanyamazishwa.

Daktari hakucheka nasi. Alivuta kiti karibu na Injinia.

"Mzee, nisikilize. Leo ndiyo siku inayowadanganya watu. Kuna uyoga unaomwachia mtu apumzike kidogo, halafu unarudia ini. Sitaki utoke hapa."

"Binti yangu, ini langu limeendesha lori barabara za matope miaka yote. Litashindwa na uyoga?"

"Mzee, tafadhali. Tafadhali."

Alimwambia tafadhali mara mbili. Nilihesabu.

Ijumaa, 29 Machi

Injinia amejitoa hospitali. Daktari alikataa, akatusihi, na mwisho akaniambia nimrudishe jioni. Nilikubali. Kumbe shemeji alishaita pikipiki mbili, na hazikuelekea nyumbani.

Alipanda sehemu ya mwisho kwa miguu akinishika bega. Kwenye duara vilikuwa vimeota vingine. Akapiga magoti mbele ya kimoja na hakukikata. Alichimba kwa vidole pembeni ya shina mpaka chini. Shina lilikuwa limesimama ndani ya kifuko cheupe, kama ganda la yai lililopasuka.

"Umewahi kuona hiki?" akaniuliza.

"Mimi? Mimi nilikuwa sijawahi kuona hata msitu."

"Na mimi sijawahi. Maisha yangu yote nakata juu." Akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua kofia. Jivu likatoka. Chini yake kulikuwa kweupe kunakoelekea ukijani, kunang'aa. "Uliniambia, Fundi. Uliniambia kinachuja."

"Nilikuwa natania."

"Najua. Na mimi nikacheka."

Akaegemea ule mti.

"Baba alisema tuchome mbali na mti ulio hai. Kila mara alisema. Sisi tulidhani anaogopa msitu usiungue." Akapapasa mzizi uliopita chini ya majivu. "Huu haukufa. Hivi ni vya mti. Vimepita tu kwenye jivu langu vikavaa nguo za vijivu."

Tukaving'oa vyote, yeye upande wake na mimi wangu, tukavifukia mbali. Nilitaka kumwambia apumzike lakini alikuwa anafanya kazi kama mtu anayefuta maandishi ukutani kabla mwenye nyumba hajarudi.

"Vitaota tena," akasema. "Kila mvua. Na watu wa huku wanajua kwamba kwenye duara la mkaa ni salama. Sisi ndio tuliowafundisha. Utakuja kuving'oa?"

"Injinia, mimi naogopa panya."

"Utakuja?"

Nikasema nitakuja.

"Na mdogo wangu usimwambie. Mpaka apate nguvu."

Nilimrudisha hospitali jioni kama nilivyoahidi. Njiani aliimba kidogo.

Jumamosi, 30 Machi

Macho yake ni ya njano.

Jumapili, 31 Machi

Ngozi pia. Ananiita kwa jina la baba yake, anauliza kama magogo yamekauka. Nimemwambia yamekauka vizuri, na kwamba baba amefurahi.

Daktari amesema kule anakoweza kutibiwa ni mbali sana na hatafika. Alinieleza kwa utulivu, kisha akavua miwani akaifuta kwa koti mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

Mke wangu amevuka. Vipimo vyake vinarudi vizuri. Nimefurahi, halafu nimeona aibu kufurahia kwenye chumba kile.

Jumanne, 2 Aprili

Ameondoka leo mchana. Mdogo wake alikuwa amemshika mguu juu ya blanketi, lile goti bovu. Mvua ilikuwa inanyesha.

Jumatano, 3 Aprili

Tumemzika. Mvua. Nilimvalisha lile shati.

Jumanne, 9 Aprili

Redio imenyamaza hata dirisha likiwa wazi. Sitaipeleka kwa fundi.

Leo mke wangu alikuwa anafua kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alinikuta mlangoni, ameshika suruali ya kahawia.

"Kaka alikuambia nini kule juu?"

Nilianza kuzungusha maneno. Akasema, "Mume wangu, wewe hujui kudanganya, unatoka jasho." Nikamweleza yote: mti, mizizi, kifuko, agizo la baba yake.

Alisikiliza akiwa amesimama. "Mbali na mti ulio hai," akasema. "Nilikuwepo baba akisema. Na kaka aliposema chini ya mti mkubwa, nilikuwepo pia. Nilikuwa naona raha kwamba amenifikiria."

Kisha akalowesha kidole gumba akasugua lile doa pajani. Kidole kikatoka cheusi. Akakiangalia.

"Nikakugombeza kwa sababu ya suruali," akasema.

Nilimwambia mimi ndiye mshonaji. Kila kitambaa kinachoingia kibandani nakijaribu kwa kidole kilicholowa, kila kimoja, kabla ya kukata. Kile kijivu kimoja nilikifanyia mzaha. Hakunifariji na sikutaka anifariji. Ameianika suruali bila kuifua.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Nimepanda, nimeng'oa. Nimeanguka mara moja tu.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimeng'oa. Panya alinipita mguuni. Nilipiga kelele, nikamsikia Injinia akinicheka, halafu sikumsikia.

Jumatano, 17 Aprili

Juzi na jana homa ilinilaza, sikupanda. Leo nikiwa kibandani, nikamwona Mama Mkaa anapita. Anauza mkaa pale kona, na anakaa na wajukuu wake watatu. Kichwani ana beseni, juu ya beseni majani.

"Shikamoo, Mama. Umebeba nini?"

"Marahaba, Fundi. Kiwanja cha marehemu kimeota vizuri, nikaona dhambi vioze."

Sikujua kwamba naweza kukimbia. Niliruka benchi, nikamvua beseni kichwani na kulimimina kwenye mtaro.

Aliniita kila jina. "Huyo ndiye mkwe aliyejifanya mrithi! Mwenye mali hajapoa kaburini wewe unatunyima uyoga!"

"Mama, ndivyo vilivyomuua."

"Mwongo mkubwa! Walisema ini!"

Ndipo nikaelewa. Mtaa mzima ulisikia neno ini, na watu wakadhani ni ugonjwa wake wa siku nyingi. Na sisi, kwa aibu, tulinyamaza. Nikaokota kimoja mtaroni, nikalowesha kidole, nikasugua mbele ya uso wake. Jivu likatoka, ukijani ukatokea. Na mama huyu hakuwa amekata, alikuwa ameng'oa. Kile kifuko cheupe kilikuwa kinaning'inia.

Mama Mkaa alikaa kwenye benchi langu.

"Nilikuwa nimeshawaambia watoto waweke maji jikoni," akasema.

Nilimwambia anawe mikono. Nilimnawisha mwenyewe, kwa sabuni, kama mtoto. Kisha tukapita nyumba kwa nyumba, yeye akiongea kwa sababu sauti yake inafika mbali, mimi nikionyesha kidole cheusi. Kwenye kila mlango ilibidi niseme ni kiwanja cha nani, na nani alikula. Mke wangu alikuja akasimama nami kuanzia nyumba ya tatu. Alisema yeye, "Kaka yangu alichoma chini ya mti ulio hai." Alilisema kila mlango, kwa maneno yale yale.

Jumanne, 30 Aprili

Nimezungushia duara lote miti na mifuko yangu iliyobaki, nimeifunga kama bendera. Vijana wamesema msitu umefungua duka la nguo.

Nimeng'oa.

Jumapili, 12 Mei

Mvua zinaondoka. Asubuhi mke wangu alitoka bila kusema, akarudi adhuhuri na nyasi kwenye nywele. Alikuwa amekwenda kwenye kiwanja cha zamani cha baba yake, kile cha uwazini, akafyeka vichaka kwa panga mpaka akaliona duara. Amekuta vinne. Ameving'oa na mizizi yake, safari hii, kisha akaviweka mezani juu ya kitambaa cheupe, mbele yangu, pale Injinia alipokuwa anakaa.

Chini ya mashina hakukuwa na kifuko. Kulikuwa na udongo tu.

Vilinuka kiberiti kilicholowa.

"Sasa mkubwa ni mimi," akasema.

Sikuweza kumtania. Nilitafuta, sikupata.

"Jaribu," akaniambia.

Nikalowesha kidole, nikasugua cha kwanza, kwa nguvu, kama ninavyosugua kitambaa kipya. Nikasugua cha pili, cha tatu, cha nne. Nikakiweka kidole juu ya kitambaa cheupe, tukainama wote wawili kutazama. Havikuchuja.

Hakuna aliyesimama kwenda kuwasha jiko. Tulikaa navyo hapo mpaka vikalegea.